Gari Kuukuu Lahitaji Nyaya Mpya, Si Viraka

Wako watu wanaoamini kwamba gari hufa siku injini yake inapokufa. Imani hiyo si sahihi. Injini ni chuma, na chuma huweza kuchongwa upya, kutiwa pistoni na ringi mpya, na kurudishwa barabarani kikiwa na nguvu za ujana. Kinachoyaua magari mengi ya nchi hii, Bara na Visiwani, ni nyaya: nyaya zilizochakaa, zilizokatwa na kuungwa kwa mkono, zilizofungwa kwa kipande cha nailoni, na ambazo hapana mtu hata mmoja, si mwenye gari wala fundi, ajuaye zinaanzia wapi na zinaishia wapi. Juu ya jambo hilo tunapenda leo kuzungumza na wasomaji wetu wa visiwani, na viongozi wa Serikali waliokabidhiwa dhamana ya usafiri na ya mafunzo ya ufundi. Mfano wetu tunautoa mbali na bahari, huko Pito, karibu na mji wa Sumbawanga, katika uwanda wa juu wa Ufipa.

Hapana shaka msomaji wa Unguja au Pemba atauliza: Pito inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Gari la visiwani huliwa na chumvi ya bahari. Gari la Ufipa hutaabishwa na hewa nyepesi ya milimani, baridi, tope na vumbi. Maradhi yana sura mbili, lakini dawa yake ni moja, na kosa linalofanywa na mafundi wa pande zote mbili ni lile lile.

Mwandishi wa safu hii alikuwa Pito katika majira ya mvua. Usiku mmoja pikapu ya Toyota Hilux ya miaka ya 1980, yenye injini ya aina ya 22R inayotumia kabureta, iliondoka ikimchukua mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Haikufika mbali. Taa zilififia, zikazimika. Injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Harufu ya plastiki inayoungua ikajaa ndani. Dereva alipofungua kisanduku cha fyuzi kwa mwanga wa simu, aliona kwamba mahali pa fyuzi ya ampea 15 palikuwa pamezungushiwa uzi wa shaba. Uzi huo haukukatika, kwa kuwa haukuwekwa ili ukatike. Kilichoungua ni fungu zima la nyaya lililokuwa nyuma yake. Mama yule alihamishiwa kwenye gari jingine lililopita baada ya karibu saa mbili, na kwa rehema za Mungu alijifungua salama. Lakini saa mbili za mvua na baridi ya Ufipa, kwa mwanamke mwenye uchungu, si jambo la kusimuliwa kwa kicheko.

Fundi aliyetia uzi ule hajulikani. Yaelekea siku ile alisifiwa, kwa kuwa gari liliwaka na mwenye gari akaenda zake kwa gharama ndogo. Hapo ndipo penye msiba wetu. Tumezoea kumsifu fundi kwa jinsi anavyoliondoa gari gerejini, wala hatumpimi kwa jinsi litakavyokuwa baada ya mwaka mmoja.

Ni vyema tukaeleza kwanza ni kitu gani hiki tunachokiita wayaringi. Ni fungu la nyaya linalotoka kwenye betri na alteneta, likapita katika swichi na fyuzi, na kugawanyika kama mizizi hadi kwenye taa, honi, mota ya kuwashia, pampu na vyombo vya kupimia. Kila waya una unene wake kwa kadiri ya mkondo unaobeba. Taa mbili za mbele zenye wati 55 kila moja, katika gari la volti 12, huvuta zaidi ya ampea 9. Waya ukiwa mwembamba, au maungio yake yakiota kutu, sehemu ya umeme huishia njiani kwa kugeuka joto. Taa iliyopaswa kupata volti 12 ikipata 10 na nusu tu, hupoteza zaidi ya theluthi ya mwanga wake. Dereva hulaumu balbu, hununua yenye wati nyingi zaidi, na waya ule ule mwembamba ukazidi kuchemka. Hivyo ndivyo moto unavyozaliwa.

Tena kuna njia ya kurudi, ambayo wengi huisahau. Umeme wa gari hurudi kwenye betri kwa kupitia bodi na chasisi. Waya mnene unaounganisha injini na chasisi ukilegea au ukiliwa na kutu, umeme hutafuta njia nyingine, hata kupitia kamba ya chuma ya kukanyagia mafuta. Visiwani, ambako upepo una chumvi, shaba hugeuka kijani kibichi ndani ya ganda la waya huku nje ukionekana mzima. Ndiyo maana gari la Makunduchi au la Wete huweza kuwaka asubuhi na kukataa jioni, na mwenyewe akadhani limechezewa na shetani.

Sasa tuitazame injini yenyewe. Injini ya petroli huhitaji uzito wa hewa ulio karibu mara 15 ya uzito wa mafuta ili moto uwake barabara. Kabureta hupimiwa vitundu vyake vya mafuta kiwandani mara moja tu, na kwa kawaida hupimiwa hewa ya nchi za chini. Lakini uwanda wa Ufipa unaozunguka Sumbawanga una kimo cha takriban meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huko msukumo wa hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Forodhani. Kabureta halijui habari hiyo. Huendelea kumwaga mafuta kana kwamba lingali ufukweni, na mchanganyiko huzidi mafuta kwa takriban asilimia 9. Matokeo yake ni moshi mweusi, plagi zilizojaa masizi, oili iliyochanganyika na petroli, na injini inayokataa kuwaka alfajiri ya baridi. Mwenye gari hulipa fedha kwa mafuta ambayo hayakumsogeza hata hatua moja.

Ulimwengu ulikwisha kulitafutia dawa tatizo hilo zamani. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza mfumo wa kunyunyiza petroli kwa kuongozwa na umeme. Mwaka 1976 magari ya Volvo yalianza kutiwa kihisi kinachopima oksijeni iliyobaki katika moshi. Na mwaka 1979 gari la BMW 732i lilitoka likiwa na sanduku moja linaloamua mafuta na cheche kwa pamoja. Sanduku hilo ndilo mafundi wetu hulieleza kwa jina la kontroli boksi. Hupokea habari kutoka kwa vihisi: msukumo wa hewa, joto la maji, mzunguko wa injini, kiasi cha kukanyaga mafuta. Kisha huamuru nozeli zifunguke kwa muda gani na plagi itoe cheche lini. Kihisi cha oksijeni kisingefaa kwetu zamani, kwa sababu huharibiwa na petroli yenye risasi. Lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia mwisho wa mwaka 2005, na kizuizi hicho kimeondoka.

Basi mtu atasema: kama ni hivyo, tununue kontroli boksi, tulifunge katika gari kuukuu, na mambo yamekwisha. La hasha! Hapa ndipo lilipo jambo kubwa tunalotaka likumbukwe. Honi ikipoteza nusu volti njiani italia vilevile. Lakini vihisi vingi vya injini husema na kontroli boksi kwa lugha ya umeme iliyo baina ya volti 0 na 5 tu. Nusu volti iliyopotea katika ungio bovu ni sehemu moja ya kumi ya lugha yote hiyo. Kihisi kitasema injini ni moto na sanduku lisikie kwamba ni baridi. Kitasema hewa ni kidogo na sanduku lisikie kwamba ni tele. Kulitia sanduku la akili katika nyaya mbovu ni sawa na kumweka hakimu mwadilifu mbele ya mashahidi waongo. Hukumu yake itakuwa mbaya, na kosa si lake.

Kwa kutolifahamu hilo, mafundi wengi hufanya kinyume. Gari linaletwa likiwa na nozeli na vihisi vyake, linasumbua kwa sababu ya ungio moja lenye kutu, na fundi anashauri ving'olewe vyote litiwe kabureta. Wengine hubadilisha kontroli boksi mara mbili na mara tatu, kila moja kwa fedha nyingi, ilhali maradhi yako katika waya wa chasisi. Na aghalabu kidonda cha kwanza hutiwa na fundi wa redio, ambaye ili kupata umeme wa muziki huchuna waya wowote ulio karibu na mkono wake. Gari lililotoka Japani na nyaya nzima, baada ya mwaka mmoja huwa limefungwa redio, king'ora na taa za urembo, na halimtambui tena mchoraji wake.

Turudi Pito. Mwenye pikapu ile, mkulima wa mahindi na maharage, alikuwa na njia tatu: kuliuza gari kwa bei ya chuma chakavu, kulitia viraka tena, au kulifanya upya. Kwa kuwa chasisi na gia vilikuwa vizima, alichagua ya tatu. Alimpata kijana mmoja fundi umeme wa magari mjini Sumbawanga, na sharti la kwanza la kijana huyo lilitushangaza. Alisema: "Mzee, sitagusa mafuta wala cheche mpaka nimalize nyaya."

Na kweli hakugusa. Alilitoa fungu zima la nyaya, akalitandaza sakafuni, akachora kila waya katika karatasi kubwa ya manila: rangi yake, unene wake, unapotoka na unapokwenda. Kisha akasuka fungu jipya. Kila njia ilipata fyuzi yake iliyo karibu na chanzo cha umeme. Taa za mbele, pampu ya mafuta na kontroli boksi vilipewa rilei, ili swichi iamrishe tu, isibebe mzigo. Maungio hayakupotolewa kwa vidole; yalibanwa kwa koleo maalumu na kufunikwa mpira unaozuia maji. Waya wa chasisi ulikwanguliwa mahali pake hadi chuma kikang'aa, ukakazwa, ukapakwa grisi. Nyaya za vihisi zilipitishwa mbali na nyaya za plagi, kwa kuwa cheche ya maelfu ya volti huvuruga sauti ndogo iliyo jirani.

Baada ya hapo ndipo kabureta lilipotolewa. Injini ya 22R ina ndugu yake aitwaye 22R-E aliyeundwa na nozeli, na vifaa vya ndugu huyo hukubaliana nayo. Pampu ilibadilishwa, maana nozeli hudai msukumo mkubwa kuliko wa kabureta mara nyingi, na mpira wa kurudisha mafuta tangini ukawekwa. Fundi hakukitumia kipimo cha hewa cha kizamani chenye kilango, kwa sababu nacho hudanganywa kwa kiasi fulani na hewa nyepesi. Alitumia kontroli boksi iliyo huru, inayopima msukumo wa hewa yenyewe na kusahihishwa kwa kompyuta ndogo ya mkononi. Masanduku ya namna hiyo hutengenezwa Afrika ya Kusini na kwingineko. Na tangu mwaka 2001 wahandisi wawili wa Marekani, Bowling na Grippo, waliwafungulia watu mlango wa kujiundia wenyewe sanduku waliloliita MegaSquirt. Elimu hii, kwa hiyo, haimo tena katika kabati la kiwanda. Anayesoma huipata.

Hatutangazi muujiza. Gari limebaki kuukuu. Lakini huwaka alfajiri kwa mzunguko mmoja, moshi mweusi umekoma, na katika kisanduku cha mbele, ndani ya mfuko wa nailoni, umo mchoro wa nyaya zake zote. Kwa maoni yetu mchoro huo ni kipuri chenye thamani kuliko vyote, kwa kuwa fundi atakayekuja kesho hatakuwa kipofu.

Wako watakaosema kwamba gharama ni kubwa. Tufanye hesabu ya mfano. Gari linalokwenda kilomita 20,000 kwa mwaka, likila lita moja kwa kilomita 7, litahitaji lita 2,857. Likifika kilomita 8 kwa lita, litahitaji 2,500. Tofauti ni lita 357 kila mwaka, kutoka kilomita moja tu, na kila lita ya hizo huja nchini kwa meli na kununuliwa kwa fedha za kigeni. Wako pia watakaosema kwamba gari la kizamani ni bora kwa sababu ni rahisi. Maneno yao yana ukweli. Dizeli ya Toyota ya 1HZ, yenye pampu ya mitambo mitupu, haina sababu ya kutiwa kontroli boksi, iachwe ilivyo. Gari lililooza chasisi halistahili nyaya za dhahabu. Hata gari la kabureta linalotembea ufukweni maisha yake yote laweza kubaki na kabureta lake. Lakini nyaya nzima, fyuzi za kweli na waya wa chasisi ulio safi ni haki ya kila gari, la kabureta na la sanduku, la dizeli na la petroli.

Kwa viongozi tuna mambo manne. La kwanza ni mafunzo. Vyuo vya VETA, ukiwemo wa mkoa wa Rukwa, na vituo vya Mafunzo ya Amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, viufanye umeme wa magari uwe fani kamili, na kijana asihitimu mpaka achore na kusuka fungu zima la nyaya kwa mkono wake. Isitoshe, mafundi wa mitaani waliojifunza kwa kutazama wasidharauliwe. Wapewe kozi fupi za jioni, kwa kuwa wao ndio walioshika magari mengi.

La pili ni ukaguzi. Askari wa usalama barabarani hukagua breki na matairi, na hufanya vyema. Ukaguzi wa magari ya abiria ufungue pia kisanduku cha fyuzi. Uzi wa shaba ukionekana mahali pa fyuzi, gari lisiondoke. Kazi hiyo haihitaji mashine wala fedha. Yahitaji macho na dakika moja.

La tatu ni vipuri. Madukani zipo nyaya za alumini zilizopakwa shaba kwa juu, zinazouzwa kama shaba tupu. Hupitisha umeme pungufu na huliwa upesi na chumvi. Shirika la Viwango Tanzania na Taasisi ya Viwango Zanzibar zina uwezo wa kisheria wa kulishughulikia jambo hili, na tunaziomba zilitazame kwa jicho kali.

La nne ni mfano wa Serikali yenyewe. Magari ya umma hutengenezwa katika karakana za umma, na kwa upande wa Bara kazi hiyo ilikabidhiwa TEMESA tangu mwaka 2005. Kila gari la umma liwe na daftari la nyaya, linaloonyesha waya gani uliongezwa, lini na nani. Na siku gari hilo linaponadiwa, daftari lake linadiwe pamoja nalo. Kumuuzia mwananchi gari bila habari zake ni kumuuzia fumbo.

Nawe ndugu msomaji, mwenye gari kuukuu huko Mkoani au Nungwi, usingoje semina. Fungua kisanduku cha fyuzi leo. Safisha ncha za betri na waya wa chasisi, uzipake grisi. Mkataze fundi wa redio kuchuna waya asioujua. Na siku utakapopata uwezo wa kulifanya gari upya, anza na nyaya, umalizie na sanduku. Ukigeuza mpango huo utalipa mara mbili.

Ufipa si nchi ngeni kwa kazi ya chuma. Wazee wa huko walijenga matanuri marefu ya udongo, yaliyoitwa malungu, yenye kimo cha karibu meta 3, yaliyovuta hewa yenyewe bila mvukuto. Kisha chuma kilichopatikana kilisafishwa katika tanuri dogo la mivukuto, na kazi hiyo iliendelea hadi karne ya 20. Wazee wale hawakuwa na vihisi wala kompyuta, lakini walifahamu kwamba moto mwema ni hewa na kichomwacho kwa kipimo kinachostahili. Kijana wa Sumbawanga mwenye kompyuta yake ndogo anafanya kazi ile ile ya babu zake. Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nasi tunaongeza kwamba kuungua kwa nyaya si mwisho wa gari, ila pale fundi anapochukua uzi wa shaba na kuuzungusha mahali pa fyuzi.